Jumamosi za Ziwani

Kariobangi, Nairobi
12 Februari 1995

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu, za Luseno na za wajukuu wako. Kate ameniamuru niandike kwamba jino la mbele limeng'oka na sasa akisema "amina" kanisani anapiga mluzi. Kweyu ameanza kutembea, na hapiti sufuria bila kuifunua. Tungependa kujua mguu wako unaendeleaje, na kama mvua imefika huko Chavakali.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Tangu tuoane mimi huandika mstari mmoja tu chini ya barua ya Luseno, "nami Warigia nakusalimu," basi. Kimaragoli sikijui, Kikuyu hukijui, lakini Kiswahili tunakijua sote wawili na leo nimeamua kukitumia.

Luseno aliachishwa kazi kule kiwandani Baba Dogo tangu Januari. Hakutaka ujue. Siku hizi anashinda kwenye mabanda ya mafundi wa jua kali hapa Kariobangi akichomelea milango, kazi ikipatikana. Mimi nafuma sweta za shule. Kodi tunajikaza tunalipa. Chakula ndicho kinatushinda. Na Luseno amesema hivi, nawe unamjua akishasema: ikifika Krismasi kama nyumba hii haijaweza kujilisha, mimi na watoto tuje kukaa kwako, naye abaki mjini akilala kwa rafiki yake Omolo.

Mama, sina ubaya na nyumbani. Lakini mimi nililelewa hivyo. Baba alikuwa Nakuru, sisi tulikuwa Karatina na mama yangu akiuza viazi sokoni, na baba nilimjua kwa picha ya ukutani kuliko kwa sura. Sitaki Kate na Kweyu wawe hivyo. Nataka tukae pamoja, hata kama ni kwa chumba hiki kimoja.

Luseno huniambia kwamba uliwalea watano pale mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi, kwa mshahara mmoja wa mzee, na hakuna aliyelala njaa wala aliyekula kitu kibovu. Ulikuwa ukinunua vipi? Mimi nikienda sokoni pesa inaisha na kikapu hakijai, na nusu ya kilichomo natupa. Naomba unifundishe.

Ni mimi,
Warigia


Chavakali
9 Machi 1995

Mama Kate,

Salamu zako nimezipata na nimezigawa. Mguu ni ule ule, unaniamsha kabla ya jogoo. Mvua bado inatuchezea. Ng'ombe wa jirani yangu Patrobas aliingia shambani akala mboga zangu zote, na Patrobas alipokuja kuomba msamaha alikuja saa ya chai. Sikumpa.

Habari ya Luseno nilikuwa nayo. Barua yake ya mwisho aliandika "tuko sawa" mara tatu kwa ukurasa mmoja. Mtu aliye sawa huandika habari za wengine.

Sasa swali lako. Tangu nimzike mzee na kuhama Nairobi hakuna aliyeniuliza jambo ninalolijua. Watoto wangu huniuliza habari za mguu. Nilikaa na barua yako mlangoni nikawa nasikia kabisa zile kelele za soko la Gikomba, wale wa mitumba wakipiga makofi, hadi uji wangu ukaungua. Nikautupa bila kusikitika.

Haya. Maharagwe usiyatazame juu ya gunia. Juu huwekwa ya kupiga picha. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko, uutoe, uangalie kiganja. Kikiwa na vumbi jeupe kama unga, wadudu wamekutangulia. Na usifurahie maharagwe ya bei ya chini yaliyokaa mwaka mzima, kwa sababu yatakaa jikoni kutwa na kunywa mafuta ya taa yote. Gorogoro nayo, lile kopo la kupimia, kabla muuzaji hajakupimia, ichukue mkononi upapase kitako chake. Wako wanaoigonga chini ikabonyea kwa ndani, ukadhani umepata kilo mbili na kumbe unabeba hewa. Sukuma wiki usinunue iliyokwisha kukatwakatwa, humo ndimo majani ya njano hufichwa. Nyanya zilizopangwa fungu, inua ile ya chini kabisa kwanza. Muuzaji akikasirika ukiinua, amekujibu. Na nunueni omena, wale dagaa wakavu, ina nguvu kuliko nyama, ila iwe inang'aa kama kijiko kipya. Iliyogeuka nyekundu mwachie mwenyewe.

Halafu mtafute Nzilani. Ni Mkamba, ana pengo mbele kama la Kate, na tulipokuwa Ziwani nilinunua nafaka kwake Gikomba miaka yote. Nilisikia alihamia soko la hapo kwenu Kariobangi. Kama yuko hai atakuwa anauza maharagwe.

Wasalimie watoto. Luseno usimwambie kwamba ninajua.

Muhonja


Kariobangi
2 Aprili 1995

Kwako Mama,

Sisi huku tunapumua. Kweyu alikuwa na homa, imeshuka. Kate amekuwa wa nne darasani na anadai zawadi kutoka kwako, nami nimemwambia una Patrobas wa kushughulika naye kwanza.

Nimezamisha mkono kwenye magunia hadi wananiita Daktari. Gorogoro mbili nimezikuta zimebonyea, na mwenye moja alinitukana. Maharagwe sasa yanaiva kabla Luseno hajaanza kuuliza.

Omena sasa. Mama, kwetu samaki tulikuwa tunamwona kwenye vitabu vya shule. Nilinunua inayong'aa, vile ulisema. Lakini hukusema inapikwaje, nami nikaona haya kuuliza majirani, nikaimwaga kwenye githeri, na mchanga wake wote, ikachemka pamoja na mahindi na maharagwe. Luseno alikula vijiko viwili akaweka sahani chini polepole. "Mama Kate, hii ni nini sasa umetufanyia?" Kate akacheka hadi akaanguka. Siku hiyo tulilala na chai.

Nzilani nimempata. Yuko mwisho wa safu ya nafaka, pengo lipo. Lakini hatukuelewana. Nilifanya vile mama yangu alinifundisha Karatina. Akitaja bei nakata nusu, akipanda kidogo napanda kidogo, nikitoka naitwa. Nilitoka, hakuniita. Nikarudi mwenyewe. Alikuwa ameshamwaga maharagwe yangu ndani ya gunia. Akaniambia, "Mama, kama unataka bei, enda kwa yule wa pale. Mimi nauza maharagwe." Nikaenda kwa yule wa pale kweli, na ya pale yalikuwa na mawe.

Kila siku nanunua kwa mtu tofauti, yeyote wa bei ya chini siku hiyo. Nadhani ndivyo inavyotakiwa. Pesa bado inaisha tarehe kumi na tano.

Wako,
Warigia


Chavakali
28 Aprili 1995

Mama Kate,

Omena kwenye githeri! Nilicheka peke yangu hadi Patrobas akachungulia juu ya ua. Tangu mzee afariki sijacheka hivyo. Omena huchambuliwa, ikaoshwa kwa maji moto mara mbili, ikakaangwa na kitunguu na nyanya. Sasa unajua. Mvua imefika, mguu umenyamaza, mahindi yangu yamefika magotini.

Baada ya kucheka nilikasirika. Unamkatia Nzilani bei? Mama yako Karatina anauza viazi, na muuzaji akienda kununua huenda kama anaenda vitani. Mimi sikuwa muuzaji. Mimi nilikuwa kastoma, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kastoma habadilishi kibanda kila siku. Huyu anayekupa bei ya chini leo hakujui, na kwa sababu hakujui anakuwekea zile alizokataa jana mtu anayemjua. Chagua mmoja wa nafaka, mmoja wa mboga, mmoja wa nyama. Lipa bei anayotaja, kama si ya wizi. Ukishalipa, usifunge kiondo. Kiache wazi, uulize watoto wake wanaendeleaje, utazame kando. Hapo ndipo nyongeza hutoka. Haitatoka wiki ya kwanza. Pengine mwezi wa kwanza haitatoka. Ukiona mtu amenyoosha mkono akakuongezea bila kuulizwa, ujue hata kwenye kipimo hakupunji tena. Mimi niliwalisha watano kwa nyongeza.

Mwaka mzee alipolazwa, nilienda kwa Nzilani nikaomba kikombe kimoja cha maharagwe. Nilizoea gorogoro nzima, nikaona aibu hata kumwangalia. Alijaza gorogoro akaimwaga kwenye kiondo changu. Akasema, "Kikombe ndicho umenunua, hiyo nyingine ni nyongeza." Hatukuizungumza tena mpaka leo. Nikirudi Ziwani jioni ile nilipita kwenye mfereji wa maji, wanawake wakiwa foleni na ndoo zao, na kila nyumba inanukia kitunguu, nikajisikia tajiri. Nimekumbuka harufu hiyo wiki nzima sasa.

Rudi kwa Nzilani. Jina langu usilitaje. Akuongeze wewe kama wewe.

Luseno ameniandikia. Hajambo.

Muhonja


Kariobangi
11 Juni 1995

Kwako Mama,

Watoto wazima, baba yao mzima ila amekonda. Kate anauliza kama mahindi yamefika kichwani, maana ya magotini hayaliwi.

Nilirudi kwa Nzilani. Nikalipa alichotaja, nikaacha kiondo wazi, nikatazama kando kama mtu aliyepotea. Hakuniongeza. Nikarudi wiki ile nyingine na nyingine. Jumamosi iliyopita, nikiwa namuuliza kuhusu binti yake aliyejifungua, alizamisha mkono, akatoa maharagwe mkono mzima, akatia kiondoni. Hata hakunitazama. Mama, nilitoka pale nikilia barabarani kama mtoto, kwa ajili ya maharagwe! Mwenye mboga naye, Khadro, siku hizi ananiwekea kando sukuma ya asubuhi.

Tumefika tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita kabla ya kukwama. Zimebaki siku chache tu za kuziba. Nahisi ni mpango wenyewe wa wiki ndio sina. Luseno anasema siku yako ilikuwa Jumamosi, kwamba ulitoka Ziwani na kiondo kitupu ukirudi na wiki nzima ndani. Nifundishe hiyo Jumamosi. Nikiipata, naamini Krismasi itatukuta hapa sote.

Kuna jambo lingine. Luseno ameniambia unakandika chumba cha nyuma na umetia dirisha. Hakusema zaidi. Chumba cha nani, Mama?

Wako,
Warigia


Kariobangi
20 Agosti 1995

Kwako Mama,

Natumaini mko salama. Sijapata jibu tangu Juni na sijui kama ni posta au ni mguu. Ikiwa ni neno nililoandika, naomba uniwie radhi.

Sisi tuko. Mwezi wa saba tulikwama tarehe ishirini, nilikuwa nimenunua nyanya nyingi za bei nzuri zikaniozea zote kwa pamoja. Luseno aliziangalia tu. Kuangalia huko ndiko kunakoniogopesha. Atasafiri kuja kukuona mwezi ujao.

Warigia


Chavakali
17 Septemba 1995

Warigia,

Barua zako zote mbili zilifika. Mguu hauna makosa na posta haina makosa. Sikukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu.

Umeuliza chumba ni cha nani. Unajua ni cha nani. Luseno aliniandikia mwezi wa nne akiniomba nikitengeneze, na mimi nilikitengeneza kwa mikono yangu, nikichanganya udongo mwenyewe. Jioni huku ni ndefu. Nikizungumza ni na Patrobas, na Patrobas huzungumza juu ya Patrobas. Nilipoona barua yako ya Juni niliona mtoto ananiomba nimpe kisu cha kukata kamba iliyokuwa ikimvuta kwangu. Nikaiweka chini ya godoro. Lakini zile nyanya zilizooza zimenishinda. Nimezifikiria kila siku tangu niisome barua ya pili. Mke wa mwanangu anatupa nyanya na mimi niko hai.

Sikiliza basi Jumamosi yangu. Nilitoka Ziwani saa tisa mchana, jua likianza kulegea. Mzunguko wa kwanza sokoni sinunui kitu, mikono mitupu, nasalimu tu na kuangalia nini kimekuja kwa wingi wiki hiyo, kwa sababu kilichokuja kwa wingi ndicho tutakachokula. Mahindi na maharagwe ni ya mwanzo wa mwezi, yote mara moja, na mahindi yanakwenda kusagwa, si unga wa pakiti. Nyama nilinunua mara moja kwa wiki. Robo ya nyama na mifupa ya supu. Nyama tulikula Jumapili, mifupa ikachemshwa tena Jumatatu, na ule mchuzi ukapikiwa sukuma, watoto wakadhani nyama bado ipo. Nyanya nilinunua za aina mbili. Nyekundu chache za kesho na keshokutwa. Zilizobaki ziwe za kijani kibichi, ziko chini bei na hakuna anayezigombania, unazitandaza kwenye gazeti chini ya kitanda, zinaiva moja moja hadi Ijumaa. Mboga za majani mwisho kabisa, saa kumi na mbili, mama wa watu anapofikiria kuzibeba tena kurudi nazo. Hapo hukati bei. Unasema, "Nikusaidie mzigo?" naye anacheka, anakupa zote.

Kisha nilirudi kwa miguu, kiondo mgongoni, na Luseno alikuwa akinisubiri pale kwenye kona ya nyumba zetu kuchungulia kama kuna ndizi. Kila mara ilikuwapo moja. Nilikuwa na miguu miwili mizuri na watu watano wa kunisubiri, Warigia. Nilikuwa nikidhani hayo ni maisha magumu.

Chukua hiyo Jumamosi. Nimekupa yote.

Muhonja


Kariobangi
29 Oktoba 1995

Kwako Mama,

Nimesoma barua yako kila siku. Sijui niseme nini juu ya chumba, kwa hivyo nitasema juu ya nyanya. Ziko chini ya kitanda. Kate huamka akizigeuza na kuzipa majina, ile iliyoiva jana ilikuwa inaitwa Patrobas na tumeila.

Mama, tumevuka mwezi. Tarehe thelathini ya mwezi uliopita tulikula ugali, sukuma ya mchuzi wa mifupa na omena iliyooshwa, na unga ukabaki. Septemba tumevuka, na Oktoba nayo tunavuka. Nzilani juzi aliniuliza, "Nani alikufunza kuacha kiondo wazi hivyo?" Nikamwambia ni mama mkwe, aliishi Ziwani. Akaacha kupima. "Mama Luseno? Wa Ziwani? Bado yuko?" Nikamwambia uko. Alikaa juu ya gunia akacheka, akafuta macho kwa leso, akasema nikuambie binti yake mkubwa anaitwa Muhonja. Watu wa kwao walimuuliza hilo ni jina gani la Kikamba, akawaambia wanyamaze.

Luseno amekula, ameshiba, ameona. Lakini bado anafunga mizigo. Nilimuuliza kwa nini, na sasa tunavuka mwezi wa pili. Akaniambia, "Nyumba imejilisha, nimekubali. Lakini mathe ametengeneza chumba. Nimekiona, ametia dirisha, ameweka kitanda. Sasa nimwambie nini? Nimwangushe?" Hataki kukuumiza, Mama. Na mimi siwezi kukuomba chochote tena. Umenipa vya kutosha.

Watoto wanakusalimu.

Wako,
Warigia


Chavakali
19 Novemba 1995

Warigia mwanangu,

Hawa Muhonja wawili sasa, mmoja Mmaragoli na mmoja Mkamba! Mwambie Nzilani nimemsikia. Mwambie nimekaa kitako nikalia, asidhani ni yeye tu. Mahindi yamevunwa, debe mbili zitakuja kwa basi la Ijumaa, mkapokee kituoni asubuhi kabla hazijapata mwenyewe mwingine.

Chumba cha nyuma nimempangisha mwalimu. Anaitwa Nabiswa, ametoka Bungoma, anafundisha shule ya msingi hapa chini, ana mke na redio. Wamehamia Jumamosi. Nimemwandikia Luseno kwamba nafasi hakuna, na kwamba nilihitaji pesa za dawa ya mguu. Ataamini. Watoto wakikua huamini kwamba mama zao wamekuwa wapenda pesa. Mwache aamini, afungue hiyo mizigo, akachomelee milango yake.

Ukweli nakupa wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeniuliza nilikuwa nikinunua vipi. Dawa ya mguu ninayo. Nilikuwa nimeanza kuandaa meza jioni na sahani nne, kuona zitakavyokaa. Siku ambayo mwalimu alikuja kuuliza chumba nilimwambia arudi kesho. Akarudi kesho, nikamwambia kesho. Mara ya tatu nikampa ufunguo, nikaenda shambani nisimwone akifungua mlango.

Mwanamke anayeweza kuvusha mwezi kwa kipato hicho hatakiwi kuletwa kijijini kunitazama nikizeeka. Akae na mume wake, na watoto wamwone baba yao kila siku. Nilitamani sana mje. Nalisema mara hii moja na sitalirudia.

Krismasi mje mnitembelee. Watoto watalala kwangu, ninyi mtalala kwa Patrobas, bado namdai zile mboga zangu. Mkae siku zenu, halafu mrudi Nairobi. Nitawasindikiza hadi kituo cha basi, na sitalia mbele ya watoto.

Mama yako,
Muhonja